Hivi shida ni sisi kuzaliana sana au ni wenzetu wanaotumia sana? Tujadili bila matusi

Mjukuu wa Kihamba

Wakuu habari za jioni. Jumapili kulikuwa na kikao cha ukoo huko Kibosho, mimi niko Dar nikawa nafuatilia kwa simu, ugomvi ni kihamba (shamba la migomba la ukoo) kama kawaida. Babu alikuwa na eka nne na ushee, akawagawia vijana wake, baba zetu nao wakagawa, sasa kwenye kizazi chetu mtu anaonyeshwa kipande ambacho ukishaweka nyumba, choo na banda la ng'ombe mmoja basi migomba utapanda juu ya bati. Na hapo dada zetu hawajahesabiwa kabisa, ila hiyo ni mada nyingine.

Nikaanza kuangalia namba za sensa. 1967 tulikuwa milioni 12.3 nchi nzima, 2022 tumehesabiwa 61,741,120, tunaongezeka asilimia 3.2 kwa mwaka, piga mwenyewe, ni kama miaka 22 tunakuwa mara mbili. Cha ajabu mkoa wa Kilimanjaro wenyewe umekua kidogo tu, toka milioni 1.64 (2012) mpaka 1.86 (2022), maana wengi tunashuka mlima tunakuja kujazana huku Goba na Kimara.

Na dunia nayo ilifika bilioni 8 Novemba 2022. Sasa ukisikiliza huyu anakwambia Waafrika wanazaa mno wanaimaliza dunia, ukisikiliza yule anakwambia familia moja ya Marekani inatumia kuliko kijiji chako kizima. Nani yuko sahihi? Naomba wenye uelewa waje.

babu wa Tabata

Maswali ya kizungu haya. Kila mtoto anakuja na riziki yake, sisi kwetu tumezaliwa tisa na wote tulikula tukasoma. Nchi hii kubwa bana, toka Songea mpaka Tunduru unaendesha gari unachoka mwenyewe, pori tu. Uholanzi haifikii hata mkoa wa Morogoro kwa ukubwa, wako kama milioni 18 na chakula wanauza nje. Hayati Magufuli alishasema 2018 kuwa uzazi wa mpango ni wa wavivu. Fyatueni.

Fundi Ramani

Babu shikamoo, ila hiyo ya Uholanzi umepigwa. Ng'ombe na nguruwe wao wanakula soya inayoletwa na meli toka Brazil, yaani shamba lao lingine liko Brazil sema kwenye ramani huwezi kuliona. Ukitaka kuiga hiyo lazima uwe na hela ya kukodi ardhi ya mwenzako. Na hilo pori la Tunduru ulijiuliza ni la nani? Huko ndio njia ya tembo wa Selous wanaovuka kwenda Niassa, Msumbiji. Ukigawa viwanja pale usije kulia mahindi yakiliwa.

Mtoa mada, kwa mimi wote wawili wako sahihi ila wanaongelea vitu tofauti wakiwa wamesimama chumba kimoja. Kwenye hewa ya ukaa Mmarekani mmoja kwa mwaka anatoa kama tani 14, Mtanzania hafiki hata nusu tani, kwa hiyo anayekwambia dunia inapata joto kwa sababu mama yako alizaa saba mwambie akapige hesabu upya.

Ila usije ukajifariji ukalala. Maji hayaangalii nani tajiri. Dar kwa sensa ya 2022 ni watu milioni 5.38 na sehemu kubwa tunakunywa mto mmoja tu, Ruvu, unaoanzia Uluguru, na Uluguru huko watu wanalima mpaka kwenye makorongo. Oktoba 2022 mvua ziligoma mto ukashuka mgao ukaanza, mnakumbuka bei ya dumu ilivyopanda? Nenda Ruaha Mkuu, ule mto ulikuwa unatiririka mwaka mzima, toka mwanzoni mwa miaka ya tisini kiangazi unakauka ndani ya hifadhi kabisa viboko wanabanana kwenye madimbwi. Juu yake, bonde la Usangu huko Mbeya, kuna mpunga na mifugo, mifereji inavuta maji na mengi hayarudi mtoni. Mwaka 2006 serikali ikawaondoa wafugaji kule Ihefu, ardhi oevu ya Usangu, wakaswaga ng'ombe mpaka Rufiji na Lindi, basi ugomvi wa wakulima na wafugaji nao ukahamia huko. Mto mpaka leo unakauka. Kwa hiyo watu wengi ni sehemu ya shida ndiyo, lakini kumhamisha mtu hakumpunguzi, na wali wenyewe wa Mbeya tunaula sisi tuliokaa mjini tunaandika humu.

Mkamba Halisi

Watu wa bongo mko aje. Mimi ni wa Machakos, wacha niwape ya kwetu. Miaka ya 1930 mzungu alisema Ukambani imeisha, udongo wote umeoshwa, ng'ombe ni wengi kuliko nyasi. 1938 wakaanza kuchukua ng'ombe za watu kwa nguvu eti wapunguze, Muindi Mbingu akaongoza watu mpaka Nairobi kuona gavana, na ile amri ikashindwa ingawa yeye walimpeleka Lamu uhamishoni. Wakati huo wilaya nzima hata laki tatu hatukufika. Kufika 1989 tumepita milioni moja, na ukiangalia picha za zamani na za baadaye ni kama wamekosea maandishi, kwa sababu ni zile za watu wengi ndio ziko na miti na matuta! Ni fanya juu, unachimba mtaro kukata mteremko kwa mstari wa kontua (usawa mmoja) unarusha udongo upande wa juu, na waliochimba wengi ni akina mama kwa vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi.

Lakini sitaki mseme eti tuzae tu itajipanga. Kulikuwa na kahawa yenye bei, kulikuwa na Nairobi karibu ya kutuma pesa nyumbani na kuuza mboga. Na Kenya yenyewe imetoka kama watoto 8 kwa mama mmoja miaka ya sabini mpaka 3.4 kwa utafiti wa 2022, na hakuna polisi aliyepita kwa nyumba.

Nesi wa Zamu

Nimesoma uzi wote, wanaume mmegawa mito mmegawa tembo, hakuna aliyeuliza mwanamke mwenyewe anataka wangapi.

Niko kituo cha afya kijijini kanda ya ziwa. Mama anakuja na kadi ya kliniki, mtoto akishapimwa uzito anavuta kiti karibu ananong'ona anataka sindano ya kuzuia mimba ya miezi mitatu. Namwambia kijiti, kile cha kuwekwa chini ya ngozi ya mkono, kinakaa miaka, kitakupunguzia nauli, anakataa, maana kijiti mume akimshika mkono atakisikia. Huyo sio mvivu na hajasoma habari za tabianchi, amechoka tu, wa sita amemzaa wa tano hajaacha kunyonya vizuri. Na akirudi siku sindano zimeisha ndio mimba hiyo. Utafiti wa 2022 unasema wastani kwetu ni watoto 4.8 kwa mama mmoja, vijijini ni zaidi, ukiniuliza mimi hiyo namba ingeshuka yenyewe kama kila anayenong'ona angepata anachotaka, na binti angeachwa amalize shule. Angalau toka Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, ingawa anayerudi nani atamlelea mtoto hapo ndio kazi.

babu wa Tabata

Haya, punguzeni, mje mlie kama Korea Kusini, 2023 wamefika 0.72, shule zinafungwa hakuna watoto.

Nesi wa Zamu

Babu toka 4.8 mpaka 0.72 ni mbali, wewe na mimi hatutakuwepo. Hata Umoja wa Mataifa wanakadiria dunia itaendelea kupanda mpaka kama bilioni 10.3 miaka ya 2080 ndipo ianze kushuka.

Mama Sabrina Chapati

Mi nauliza kuhusu mkaa maana naona mmeuruka. Wanasema ifike 2034 asilimia 80 tupikie nishati safi. Mtungi wa gesi ninao ule wa kilo sita, umekaa uvunguni unapata kutu. Mkaa nanunua kopo la buku asubuhi nachoma chapati nauza, jioni nanunua jingine. Gesi ya buku naipata wapi?

Fundi Ramani

Kuna zile za kulipia kidogo kidogo kwa mita, kama luku. Unaweka buku unapikia buku.

Mama Sabrina Chapati

Ziko wapi? Huku Chanika sijaziona.

Fundi Ramani

Nilizionea kwa shemeji mjini. Ngoja nimuulize kama wanafika huko.