Naomba ushauri: kuta za math zinazotuna, Bhaktapur

Wakuu, heshima kwenu. Nauliza kuhusu kuta za math za Bhaktapur, Nepal, yaani monasteri za Kihindu kama Pujari Math yenye dirisha la tausi.

Ukuta una tabaka 3: nje matofali ya kuchoma yenye umbo la kabari, ili udongo wa viungio usionekane, katikati (kiini) vipande vya tofali na udongo, ndani matofali mabichi. Tofali za kuvuka kushika tabaka zote ni chache. Tetemeko kama la 2015 likipita, uso wa nje hutuna na kuachana na kiini.

Saruji naikataa kabisa. Ni ngumu kuliko tofali, hufungia unyevu, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza bila kuonekana. Waliokarabati nyumba za mawe Lamu na Zanzibar wameyaona hayo kwenye boriti za mikoko.

Sasa, uji wa chokaa na unga wa tofali, 1 kwa 3, ukimiminwa kwenye pengo nyuma ya uso wa nje, utashikana na kiini cha udongo, au utaganda pembeni tu? Na vifungo vya mbao vya kuvuka ukuta mnaviachanisha umbali gani? Bila kubomoa uso wa nje, tafadhali. Zile tofali hazipatikani kirahisi.