Tupeane uzoefu: tangu mtoto wako mwenye kisukari avae kihisi cha sukari, wewe unalala?

Mama Mkesha
Wapendwa, jana saa nane usiku kengele ya simu imelia, sukari 3.1, iko chini mno. Nimeruka kitandani, nikamtoboa kidole: 6.4, sawa kabisa. Kumbe alikuwa ameulalia mkono wenye kihisi, kikasoma uongo. Nilikaa sakafuni kando ya kitanda chake nikalia, maana ni usiku wa nne mfululizo. Vidole vya mwanangu vimepona matundu, sasa mimi ndiye silali. Wenzangu mnafanyaje?

Baba Wawili
Hilo la kuulalia mkono tunalijua sana. Cha kwetu sasa tunakibandika mkono asioulalia, kelele zimepungua.

Sindano Tano
Zima kengele usiku, mama. Sisi tulilea kabla ya vidude hivi na tulilala.

Mama Mkesha
Dada, ulilala kwa kuwa hukuwa unaona. Wangu alipata degedege usingizini kabla hatujapata kihisi. Siwezi kuzima.

Bibi Mlezi
Naomba niseme la pampu ya insulini, maana mmenikumbusha. Mjukuu wangu ana miaka 7. Jioni tulibadilisha kanula, kile kimrija cha kuingiza dawa chini ya ngozi, tukalala. Saa sita simu ikaonyesha 14, mshale juu. Nikampa dozi ya kushusha kwa pampu. Saa nane, 19. Nikampa tena. Pampu haikulia hata mara moja. Alfajiri akaanza kutapika, nikajua ni tumbo. Mara anahema kwa nguvu, pumzi inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Nilipombeba kumkimbiza hospitali ndipo nikasikia harufu nyingine kwenye fulana yake, ile harufu kali ya insulini. Fulana imelowa! Walipobandua plasta, kimrija kilikuwa kimejikunja kama mguu wa panzi. Usiku kucha dawa ilikuwa inaishia kwenye nguo. Ketoni, zile asidi zinazojaa damuni insulini ikikosekana, zilikuwa juu mno, akalazwa siku tatu. Mpaka leo, kabla hajalala, nainama nainusa ile plasta.

Mama Mkesha
Bibi, pole sana. Nimesoma natetemeka.

Sindano Tano
Ndiyo maana sisi hatutoki kwenye sindano.

Baba Wawili
Usiwatishe watu. Wanangu wote wawili wanatumia pampu, na sukari yao ya usiku haijawahi kutulia hivi.

Sindano Tano
Simtishi mtu. Bibi kasimulia yaliyomkuta, na wewe unataka anyamaze?

Nesi wa Zamu
Jamani, taratibu. Bibi, usijilaumu. Pampu huweza kulia mrija ukiziba, lakini dawa ikivuja pembeni haina namna ya kujua. Na ndani yake mna insulini ya haraka tu, hakuna ile ya muda mrefu ya kumshikilia mtoto, kwa hiyo dawa ikikatika ketoni huja ndani ya saa chache. Umetoa dozi, saa mbili zimepita na sukari haishuki? Pima ketoni, mchome kwa sindano au kalamu, badilisha kanula. Akitapika, hospitali.
Mama Mkesha, kengele ya sukari ya chini kabisa usiizime. Zile za sukari kupanda, kaa na daktari wake mzipange upya, nyingi hazina haja ya kukuamsha. Kihisi hupima majimaji yaliyo kati ya seli, kwa hiyo huwa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa. Ukishampa glukosi, usimwongezee kwa sababu tu namba bado iko chini. Subiri dakika 15, toboa kidole.

Kijana 15
Wazazi wangu, shikamooni. Mimi ndiye mtoto mwenyewe. Baba anaiona sukari yangu kwenye simu yake. Juzi nimetoka kwenye mtihani nakuta ujumbe 11, wote "umekula nini?" Habari ya mtihani hakuuliza. Siku iliyofuata nilizima simu mchana kutwa.

Baba Wawili
Mwanangu, usizime. Baba yako anaogopa.

Kijana 15
Hata mimi naogopa, baba. Ningependa tu aniulize hali yangu kwanza, namba zifuate.

Mama Mkesha
Mwanangu, hilo limeniingia. Wangu akirudi shule natazama simu kabla ya uso wake. Leo alikuwa na mchoro mkononi, nikauona baada ya saa nzima.
Nesi, asante. Nimeongea na mdogo wangu, atashika simu mpaka saa tisa, halafu mimi. Ameshaichukua. Naenda kulala.