Nimesafishwa kizazi, tangu hapo kila hedhi nagaragara sakafuni, halafu naambiwa ni PID, yaani maambukizi ya kizazi!

Wadau, leo naandika na hasira zangu, mnivumilie.

Mwaka 2022 mimba yangu ya wiki 10 iliharibika, nikasafishwa kwenye hospitali moja hapa Dar. Siitaji, wanajijua. Kabla ya hapo hedhi yangu ilikuwa siku 5, tumbo likiuma nameza panado mbili naenda zangu kazini. Baada ya kusafishwa? Damu vitone tu, pedi moja inashinda siku nzima, lakini tumbo linakata utadhani nina uchungu wa kujifungua. Natapika, mume wangu kazi yake kushika beseni.

Nikarudi palepale. Daktari hata uso hajainua: "Hiyo PID." Doksi na flajili siku 14. Mwezi uliofuata, PID tena. Jamani, nimemezeshwa dawa za PID mara 5 na sijawahi kuchukuliwa hata kipimo kimoja cha maambukizi! Ultrasaundi ikasema kila kitu safi, basi hapo ndo nikawa mwongo kabisa. Nesi mmoja akanipa la mwaka: "Dada acha kudeka, ukizaa yataisha." Nizae na nini, wakati mimba yenyewe haishiki?

Majuzi nikaenda kwa daktari mwingine wa kina mama. Swali lake la kwanza: "Damu ilianza kupungua lini?" Akaagiza kamera ya kuingizwa kwenye kizazi. Kumbe kuta za kizazi zimeshikana kwa makovu ya ule usafishaji, na karibu na mlango pamebana, damu inakosa pa kupitia. Kinaitwa Asherman, kimeandikwa na madaktari tangu 1948! Ultrasaundi ya kawaida mara nyingi haikioni. Makovu yanakatwa kwa kamera hiyohiyo.

Makovu naelewa, yanaweza kumpata yeyote aliyesafishwa. Ila siku natoka nilipewa risiti na dawa za maumivu, basi. Hakuna aliyefungua mdomo kusema, "Damu ikipungua na maumivu yakizidi, rudi." Miaka 2 yote!

Nimepangiwa mwezi ujao. Aliyewahi kukatwa haya makovu, hedhi ya kwanza ilikuwaje? Na nyie wa kuniletea unga wa mlonge inboksi, leo mnipishe.