Starved Rock mwezi Februari: tai, makorongo ya miamba na samaki kwa siku moja

mpandamlima: Wakuu, mwezi ujao wa Februari nitakuwa Illinois, Marekani, na siku moja ya kuzuru hifadhi ya Starved Rock. Nataka kuona tai wa kichwa cheupe, kutembea kwenye makorongo na kuvua Mto Illinois. Nianze na lipi? Leseni ya uvuvi ni lazima?

jicho_la_tai: Anza na tai. Kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi ndipo wanapowinda. Baadaye wengi hukaa tu mitini. Hukusanyika mtoni, upande wa chini wa bwawa la Starved Rock, kwa sababu maji yanayochafuka pale hayagandi, na samaki waliopita kwenye malango ya bwawa hutoka wakiwa wamezubaa. Baridi ikiwa nyepesi na mto ukabaki wazi kila mahali, tai hutawanyika, kwa hiyo siku ya baridi kali ndiyo siku nzuri. Tazama kutoka juu ya mwamba wenyewe wa Starved Rock, au vuka upande wa kaskazini kwenye kituo cha wageni cha malango ya kupitishia meli bwawani. Darubini ya 8x42 (hukuza mara 8, lenzi ya milimita 42) inatosha.

kiatu_kigumu: Njia huwa zimeshindiliwa theluji hadi ikawa barafu, na ngazi za mbao ndizo mbaya zaidi, hasa wakati wa kushuka. Vaa vyuma vya meno chini ya viatu. Buti pekee halitoshi. Korongo la French Canyon liko chini ya kilomita moja kutoka kituo cha wageni, ila mlango wake wa kuingilia ni mwamba wa jiwe mchanga wenye maji yaliyoganda. Usisimame chini ya maporomoko ya barafu jua likishapiga, vipande huanguka bila onyo. Ukingoni pia usitoke nje ya njia: jiwe lile hubomoka. Njia hufungwa giza likiingia.

chubwi: Leseni ni lazima ukiwa na miaka 16 au zaidi. Kwa siku moja chukua ya saa 24. Ya mwaka huisha 31 Machi, hata ukiinunua Februari, kwa hiyo ni hasara.

Samaki wa majira hayo ni sauger na walleye, nao hulala chini kabisa. Tumia ndoano yenye risasi kichwani, gramu 7 hadi 14 kulingana na mkondo, na chambo cha dagaa hai. Ndoano iguse sakafu ya mto, inyanyue kidogo, iache itulie. Ikibebwa bila kugusa chini, ongeza uzito. Ikinasa mawe kila mara, punguza. Baridi huwafanya wadonoe taratibu sana, hivyo mshipi ukizidi tu kuwa mzito, vuta.

Usipite maboya ya tahadhari karibu na bwawa, na barafu ya mto huu usiikanyage kabisa: mkondo huila kwa chini.

mpandamlima: Jumamosi inafaa?

kiatu_kigumu: Hapana. Maegesho hujaa. Ukikwama, hifadhi ya Matthiessen iko kilomita chache kusini, makorongo yapo, watu wachache.