Mjadala: Trafiki afundishwe kwanza kupima ajali au kupima mwendo?

MTOA HOJA

Wengi wetu tukisikia neno trafiki tunakumbuka tochi (kile kifaa cha kupimia mwendo wa magari), kibao cha 50 na shilingi 30,000. Mimi ninaomba tumfikirie trafiki mahali pengine kabisa, pale lori na Noah zilipogongana saa mbili usiku, majeruhi wako barabarani na foleni imeanza kukua pande zote mbili. Hoja yangu ni kwamba mafunzo ya askari wa usalama barabarani hapa Tanzania yaanzie hapo, na kwamba askari asiyeweza kulipima na kulichora eneo la ajali kwa namna ambayo hakimu na mhandisi wataielewa asikabidhiwe tochi mpaka atakapoweza.

Tukisoma habari za ajali zetu, chanzo kinachotajwa karibu kila mara ni mwendokasi au uzembe wa dereva. Sikatai kwamba madereva wetu wanakimbia. Ninachokataa ni kuliita neno hilo matokeo ya uchunguzi wakati hakuna kilichopimwa. Uzembe hauna mita wala sekunde. Kona iliyomwaga mchanga, kibao kilichofunikwa na matawi au lami iliyong'oka haviwezi kujitetea kituoni, kwa hiyo lawama humwangukia dereva, hasa akiwa amekufa, na barabara hubaki ilivyo ikisubiri gari jingine.

Nitoe mfano wa alama za breki, kwa sababu hapo ndipo elimu inapoonekana thamani yake. Gari likifunga breki kwenye lami kavu, matairi yakaburuza mita 20 kabla ya kusimama, hesabu ya kawaida ya msuguano inaonyesha kwamba lilikuwa katika mwendo wa karibu kilomita 60 kwa saa. Alama zikiwa mita 40, mwendo hauwi 120 kama wengi wanavyodhani, bali kama 84. Lakini mita zile zile 20 zikiwa kwenye lami iliyolowa, mwendo unaweza kushuka hadi kama 45. Maana yake ni kwamba katika eneo la makazi, ambako sheria inaweka kikomo cha kilomita 50, askari aliyesahau kuandika kwamba mvua ilikuwa inanyesha anaweza kumgeuza dereva aliyetii sheria kuwa mkosaji, na hakuna atakayegundua, kwa kuwa mvua itakuwa imekwisha na alama zimefutika. (Magari yenye mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge huacha alama hafifu au yasiache kabisa, na hilo nalo ni lazima askari alijue, asije akaandika kwamba dereva hakukanyaga breki.)

Kazi yenyewe haihitaji maabara. Inahitaji askari anayeweka tahadhari mbali vya kutosha ili gari la tatu lisiingie katika ajali, anayejua ni majeruhi gani asiinuliwe ovyo kwa kuvutwa mikono, anayezungushia chaki matairi kabla gari halijavutwa, na anayepima kila kitu kutoka alama mbili zisizohama, kwa mfano nguzo ya umeme na kalvati. Mchoro uliopimwa kutoka kwenye gari jingine hauna maana, kwa sababu gari hilo litaondolewa asubuhi.

Tochi nayo ina elimu yake. Ikielekezwa kwa pembe, inasoma mwendo mdogo kuliko ule halisi, hivyo kosa la pembe humfaidisha dereva. Hatari kwa dereva inatokea magari mawili yanapoongozana na askari hawezi kueleza ni lipi lililosomwa. Hayo ni masomo ya siku chache. Kupima ajali ni somo la miezi, nami ningependa litangulie.

DEREVA WA LORI, NJIA YA TUNDUMA

Ndugu mtoa hoja, umeandika vizuri, lakini umeanzia mwisho wa safari. Askari wetu hakosi elimu. Anakosa sababu ya kuitumia. Nikisimamishwa na kuambiwa nilikuwa 68 kwenye 50, ninayo haki ya kukataa na kwenda mahakamani, lakini nimebeba mzigo wa watu, tajiri anapiga simu kila nusu saa, na kesi itasikilizwa wilaya ambayo sina hata ndugu wa kunilaza. Kwa hiyo ninapewa namba ya malipo, ninalipa, ninaendelea. Katika miaka yote niliyoendesha sijawahi kumwona askari akiulizwa na yeyote alisimama wapi, tochi yake ilihakikiwa lini au picha iliyotumwa kwa simu kwa mwenzake aliyeko mbele ilikuwa ya gari langu kweli.

Ujuzi usioulizwa hupata kutu. Mfundisheni miezi sita mkipenda. Akirudi barabarani atakuta faini ni ile ile, niwe nimepita kwa 55 au kwa 100, na taa moja ya nyuma isiyowaka ni rahisi kuikamata kuliko dereva anayeovateki kwenye mlima. Mwaka 2021 faini ya bodaboda na bajaji ilipunguzwa kutoka 30,000 hadi 10,000, kwa hiyo kubadilisha kunawezekana. Tuanze na sheria: faini ipande kulingana na hatari, kisha tuzungumze shule.

ASKARI MSTAAFU

Nimewasoma nyote wawili kwa utulivu. Mimi nilipitia shule ya polisi Moshi kama askari wengine, na kuchora ajali nilifundishwa baadaye kozini, tena vizuri: alama mbili zisizohama, mwelekeo wa kaskazini, vipimo vyote. Ndugu mtoa hoja asidhani kwamba somo hilo halipo.

Nieleze jinsi linavyopotea. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, futi kamba tuliyokuwa nayo niliinunua mwenyewe. Usiku ukiwa na askari wawili na kurunzi moja, mmoja anaongoza magari na mwingine anashughulika na majeruhi wanaohitaji kuandikiwa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Wa kupima ni nani? Wakati huo huo simu inalia kutoka juu, barabara ifunguliwe, kuna msafara. Barabara ikifunguliwa, matairi mia mbili yanapita juu ya ushahidi. Na askari akishaiva katika kazi hiyo anahamishiwa idara nyingine, anakuja kijana mpya. Ningeulizwa, ningesema fedha za kozi mpya zinunue kwanza vifaa, na mtaalamu wa ajali asihamishwe kabla ya kumfundisha mrithi wake.

MTOA HOJA

Afande, nakubali kuhusu vifaa na uhamisho, na ninairekebisha hoja yangu: mafunzo yatolewe kwa kikundi kidogo katika kila mkoa kitakachobaki na kazi hiyo kwa miaka, badala ya kumgawia kila trafiki kipande cha elimu. Suala la msafara siwezi kulijibu, nalo linaniuma kuliko yote uliyoyataja.

Kwa ndugu dereva, umenipiga mahali pagumu, lakini dawa yako nadhani ni nusu. Faini ikipanda kulingana na mwendo, tofauti kati ya 55 na 75 itakuwa na bei, na anayesimamishwa atataka uthibitisho wa namba iliyosomwa; hapo askari asiye na elimu atakuwa hatari zaidi kuliko leo, si chini yake. Ningependa hati ya faini ionyeshe mahali askari aliposimama, umbali wa gari na tarehe tochi ilipohakikiwa mara ya mwisho, ili hata wewe usiyeweza kurudi wilayani uwe na karatasi ya kumpa wakili. Na mchoro wa kila ajali yenye kifo, nakala yake imfikie mhandisi wa TANROADS (barabara kuu na za mikoa) au TARURA (barabara za vijijini na mijini) ndani ya wiki moja.

Swali linalobaki ni kama hakimu ataruhusu shauri la faini lisikilizwe wilaya anakoishi dereva. Hilo liko nje ya shule ya polisi, na wenye kuijua mahakama kuliko mimi ninawakaribisha walichangie.