Tai jitu anabeba sawa na farasi, hii ni sawa kweli? Wachezaji njooni tujadili

Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza, jana Jumamosi gemu letu limevunjika kwa ubishi, hakuna aliyepigwa ila mwenye nyumba kule Isamilo alitutoa tukamalizie getini, na hatukumaliza, ndo nauleta hapa.

Tunacheza Dungeons & Dragons toleo la tano, kitabu cha 2014, gemu ya mezani ya kuigiza wahusika wa kufikirika, mimi ndo mwendesha gemu, yani nasimulia na kuamua. Kundi limekwama juu ya mwamba, nimeuchora kama Bismarck Rock ila mrefu wa kutisha, jeshi linapanda kutokea chini. Mwenzetu mmoja anacheza dwafu, yani mtu mfupi mnene wa hadithi, na ana grifoni, mnyama wa kuruka mwenye kichwa cha tai na kiwiliwili cha simba, akasema nyie tulieni, mi navaa deraya yangu ya chuma, grifoni naye kavaa yake, boksi la dhahabu nalifunga kamba, naruka zangu nikalete msaada. Nikamwambia haruki huyo. Akafungua kitabu, na kitabu kikampa haki, hapo ndo paliponiuma.

Sheria ni hivi, unachukua namba ya Nguvu ya kiumbe unazidisha mara 15 unapata paundi anazobeba, akiwa na umbo kubwa unazidisha tena mara mbili. Grifoni Nguvu 18, inakuja paundi 540, kama kilo 245. Sasa pakia: dwafu kilo 68, deraya yake kilo 29 na ushee, tandiko la mnyama wa kuruka kilo 18, deraya ya grifoni mwenyewe ambayo ni mara mbili ya ile ya mtu, kilo 59. Boksi tukalikadiria kilo 50, kama gunia la mchele. Jumla 225 na bado kuna nafasi ya kuku na mayai ya kupeleka nyumbani. Spidi haipungui hata futi moja! Futi 80 kwa raundi ya sekunde sita, ambayo ni kama kilomita 15 kwa saa, yani lidude la chuma lina simba ndani linaelea angani kwa spidi ya baiskeli.

Kilichonichosha zaidi, farasi wa kupanda Nguvu yake 16, tai jitu naye 16, wote umbo kubwa, wote paundi 480. Mmoja kasimama kwa miguu minne, mwenzie ananing'inia hewani, kitabu kinaona ni kitu kimoja.

Nendeni ziwani asubuhi mkamwangalie kwazi, yule tai wa kichwa cheupe. Ana kilo tatu hivi. Akinyakua samaki mdogo anapaa naye safi, ila samaki akikaribia kilo mbili hapaai tena, anamburuta juu ya maji mpaka nchi kavu. Nimemuona upande wa Luchelele, mabawa yanachapa maji chap chap chap kama mtu anapiga kafi, kichwa kakiinua juu, na samaki hajamwachia. Kafika kwenye mawe kalowa chapachapa. Huyo ni ndege halisi, na mzigo wenyewe haujafika hata uzito wake.

Pendekezo langu: kiumbe wa kuruka abebe nusu tu akiwa hewani. Ikizidi nusu anaweza kushuka tu, kupanda hawezi. Ikizidi yote aburute kama kwazi. Naombeni maoni, matusi hapana.

—

Mleta mada umeandika vizuri ila umekosea pa kuanzia. Hivi kichwa cha tai kiwiliwili cha simba, kwa fizikia yako anapaa hata akiwa mtupu? Ukimkuza ndege urefu mara mbili, eneo la bawa linakuwa mara nne ila uzito unakuwa mara nane, kwa hiyo huyo alitakiwa kutembea toka siku ya kwanza. Ulishakubali uchawi, sasa unaukataa kwenye mzigo tu kwa nini? Na nyie waendesha gemu wote ndo tabia yenu, fizikia mnaikumbuka mchezaji akiwa na kitu kizuri, joka lenu likija mezani hakuna anayeuliza linapaaje. Jamaa kamlea grifoni wake, kanunua deraya, siku inayohitajika unamletea habari za kwazi. Mimi ningekuwa yeye nisingerudi.

—

Mnabishana grifoni, mi nataka kujua ungo unabeba wangapi na mshikaki unaruhusiwa au vipi 😂😂

—

Huyo wa ungo katania ila kagusa penyewe. Toleo hilohilo lina ufagio wa kuruka, na umeandikiwa kabisa: mwisho paundi 400, ukizidi 200 spidi inashuka kutoka futi 50 hadi 30. Uchawi mtupu ule na bado una kipimo cha mzigo. Kwa hiyo hoja ya kwamba tukikubali uchawi basi kila kitu ruksa, hapana mkuu. Walioandika waliliona tatizo kwenye ufagio, kwenye wanyama wakapita.

—

Vijana, hili lilishapatiwa jibu kwenye toleo la 3.5 mwaka 2003. Kule mnyama anapaa akiwa na mzigo mwepesi tu, ukifika wa kati anatembea. Grifoni mzigo wake mwepesi ulikuwa mwisho paundi 300, na mnyama wa kuruka akivaa deraya ya kati au nzito hapaai kabisa. Mleta mada nusu yako ni 270, mmekaribiana sana. Kwa hesabu yako au ya kule, dwafu na chuma chake na tandiko anapaa, kinachobaki chini ni deraya ya grifoni na boksi.

Ila angalieni hiyo nusu inapofika kwa Rukh, yule ndege wa hadithi za Waarabu wa kubeba tembo. Nguvu 28, kwa umbo lake unazidisha mara nane, zinakuja paundi 3,360, kilo 1,524 hivi. Tembo dume aliyeshiba anafika tani sita, kwa hiyo hata kwa kitabu hambebi. Ukimkata nusu anabaki na 762, sasa huyo ni ndege wa kubeba nyati. Umeua hadithi ya watu.

—

Mleta mada hapa. Kwa Rukh nakubali, nimebanwa, huyo namtoa kwenye nusu, abebe atakavyo maana yeye ni hadithi nzima si usafiri.

Kwa mkuu wa mara nane, siwezi kujibu hesabu yako, ni kweli. Ila mi sitafuti ukweli wa fizikia, natafuta mchezaji achague, chuma au mbawa au dhahabu. Akipata vyote hakuna gemu hapo. Halafu mezani kwetu kuna jamaa kwao Ukara, MV Nyerere ilizama pale Septemba 2018 ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, mtu akisema "we pakia tu" huwa ananyamaza kimya, na jana alinyamaza. Hakusema kitu, ila mi nilimuona.

—

Swali dogo. Hilo boksi mlilipima au mlilikadiria tu? Maana kwa kitabu sarafu 50 ni paundi moja. Lilikuwa na dhahabu ngapi?

—

12,000.

—

Basi ni paundi 240, kilo 109, na boksi tupu kilo 11. Ongeza kwenye 175 zako, yani ile 225 ukitoa 50 ya kukadiria, unapata 295. Hata kwa kitabu chake kamzidishia, spidi inashuka mpaka futi 5 kwa raundi na jeshi linapanda 😂

—

Dah. Ngoja nimpigie simu.