Mashirika ya ndege, acheni kutubebesha abiria mzigo wa kaboni yenu

Wakuu, nimerudi Dar jana usiku nikitokea Mwanza na hasira hazijanitoka, kwa hiyo mnivumilie.

Siku mbili kabla ya safari, shirika nililokata tiketi kwao lilinitumia barua pepe yenye picha za majani mabichi, kunifundisha kusafiri bila kuharibu mazingira. Punguza mzigo. Njoo na chupa yako ya maji. Usichapishe tiketi. Nenda msalani kabla ya kupanda. Chagua ndege isiyotua njiani. Nikayafuata yote, maana mambo ya mazingira nayajali kwa dhati.

Tukiwa angani nikampa mhudumu chupa yangu ya bati aniwekee maji. Akasema haruhusiwi kuijaza moja kwa moja. Akachukua kikombe kipya cha plastiki, akamimina maji humo, akanipa nimimine mwenyewe kwenye chupa, kisha akakitupa kikombe kwenye mfuko wa taka. Akarudia mara ya pili kwa sababu chupa haikujaa. Vikombe viwili kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuja na chupa yake! Dada wa watu simlaumu, anafuata utaratibu aliopewa. Nawalaumu walioandika ile barua pepe bila kuwaambia wahudumu wao.

Kabla ya hapo, kwenye kaunta, begi langu lilizidi kilo nne. Ni dagaa na sato wa kukausha aliyenifungia shangazi. Nikalipia kila kilo, na dagaa wakapanda ndege ile ile. Kwa hesabu ya kawaida ya usafiri wa anga, kubeba kilo moja kwa saa moja kunakula mafuta gramu 30 hadi 40 hivi. Dagaa wa shangazi kwa saa moja na nusu ni kama glasi moja ya mafuta.

Sasa sikilizeni. Tiketi yangu ilikuwa ya Mwanza moja kwa moja hadi Dar, kama walivyonishauri wenyewe. Tulipokwisha kukaa ndipo tukatangaziwa kwamba tutapitia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, safari mbili zimeunganishwa. Ndege inakula mafuta zaidi inapopaa na kupanda juu. Kwa ndege ya jeti, kutua na kupaa tena njiani ni mamia ya kilo za mafuta, na kila kilo ikiungua inatoa zaidi ya kilo tatu za hewa ya kaboni. Ningepima begi langu mwaka mzima nisingeufidia mtuo ule mmoja.

Sikatai kwamba vidokezo vile vina faida. Vina faida ya glasi. Yenye faida ya pipa yako mikononi mwao: aina ya ndege, mafuta wanayonunua, njia wanazopanga, viti vinavyoruka vitupu, na vile viti vya mbele ambavyo kimoja kinakula nafasi ya abiria wawili watatu wa nyuma. Hayo barua pepe haikuyagusa. Wala haikusema kwamba anayekwenda Dodoma au Morogoro siku hizi ana SGR, treni ya umeme, tangu mwaka 2024. Ushauri wa kweli ungeanzia hapo.

Na si kwetu tu. Machi 2024 mahakama ya Amsterdam iliamua kwamba matangazo ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ya kusafiri kwa kujali mazingira yalikuwa yanapotosha wateja.

Watanzania si wabishi wa mambo haya. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, tulirudi kwenye vikapu na maisha yakaendelea. Lakini siku ile kiwanda kilibanwa, mwenye duka akabanwa, na mimi mnunuzi nikabanwa. Hakuna aliyebaki pembeni akitutumia ushauri.

Shirika lile nimelijibu kwa kuomba jambo moja: kila tiketi iandikwe ndege ile ilichoma lita ngapi na ilikuwa na abiria wangapi. Takwimu hizo wanazo kila siku, kwa sababu mafuta ndiyo wanayoyalipia. Kama kuna mkuu humu anayefanya kazi ya kujaza mafuta ndege au kupanga safari, aje atuambie mtuo wa KIA unakula kiasi gani hasa. Na wengine waliopitishwa njia ambayo hawakuilipia, wekeni hapa tarehe na safari zenu.